Mashine Iliyoacha Viatu Mlangoni

Baba yangu alizaliwa Kamanyola, mama yangu Kavimvira. Majina yao unayajua, usiyaandike. Shule niliiona kwa nje tu. Andika hivyo hivyo, usipambe.

Wewe, mjukuu wangu, uliporudi na masomo yako ya kompyuta, uliniomba kona ya sebule hapa Kilibula uweke mashine. Ulinieleza kazi yake nikaielewa: mwalimu wa shule ya jirani akitaka kitabu cha intaneti, mashine hukileta kutoka mbali na kubaki na nakala, ili mwalimu wa pili asisubiri. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba isivume wakati wa rozari.

Ikavuma. Siku yenyewe prefe, mkuu wa shule ile, alikuwa aje saa sita mchana kuitazama, aamue kama atakupa kazi. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Katika fumbo la tatu la rozari niliiamuru inyamaze, mara mbili, kama ninavyowaamuru wote wa nyumba hii. Haikutii. Nikavuta waya ukutani, nikamaliza sala kwa utulivu, kisha nikaurudisha waya mahali pake.

Uliporudi, walimu walikuwa wanalalamika kwamba hakuna kinachofunguka. Ukauliza kama umeme ulikatika. Nikajibu kwamba umeme wa mji huu hukatika unapotaka, jambo ambalo ni kweli kila siku.

Ukaizima, ukaiwasha, ukaizima tena. Mashine yenyewe iliwaka, lakini ile programu ya kutunza nakala ilikataa kuanza.

"Koko, inasema iko tayari ndani, inatumika," ukaniambia mimi bibi yako. "Na haiko."

Ukanifafanulia kwamba programu ikiingia kazini huacha faili ndogo kama alama ya kuwapo, na ikitoka kwa adabu huiondoa. Hapo nikamkumbuka babu yako, aliyemkimbia katekista kwa mlango wa nyuma na kusahau viatu mlangoni. Katekista alivitazama viatu, akakaa akisalimia chumba kitupu hadi mchana.

"Basi ondoa viatu," nikasema.

Ukasema kuviondoa ni kazi rahisi, ila hujui kwa nini ilitoka vibaya. Kama ilijizimia yenyewe, diski inakufa, nawe utampigia prefe asije. Simu ulikuwa umeishika tayari.

Nimewachapa watoto saba kwa sababu ya uongo. Nikasimama, kwa kuwa maneno ya namna hiyo hayasemwi mtu amekaa.

"Ni minye, mimi mwenyewe, nilivuta waya. Ilikuwa inavuruga sala."

Hukucheka. Uliinamisha kichwa karibu na mashine muda mrefu, mabega yakitikisika. Kisha ukaifuta ile faili, ukazitupa nakala zote maana nyingine zilikuwa zimekatika nusu, na programu ikaanza.

Prefe alipofika, kitabu cha kwanza kilichelewa hadi akatazama saa yake. Alipokiomba mara ya pili, kikafunguka papo hapo. Akauliza kwa nini ghala la nakala lilikuwa tupu. Ukaanza kusema habari za umeme. Nikakukatiza, nikamweleza ukweli wote pamoja na fumbo la tatu.

Kazi alikupa. Alisisitiza tu kwamba mashine ihamie shuleni siku hiyo hiyo.

Sasa tunza haya: rozari yangu, na waya ule niliouvuta, uliobaki hapa, uukunje vizuri, kwani bado ni mzima. Yale niliyosema kuhusu umeme usiyatunze. Lakini usiyafute pia, wajukuu wako wayasome.