Wandera na Boti Aliyoitafutia Mwendo kwa Simu

Bado siamini. Alhamisi Wandera aliniandikia kutoka wodini akiniomba nimpelekee chaja na miwani. Ijumaa nilipofika navyo, nesi alinisimamisha kwenye korido akaniambia nikae kwanza.

Kwa wasiomjua: alikuwa page designer wetu, mpangaji wa kurasa za gazeti, kwa miaka kumi na sita, hapa katikati ya jiji la Nairobi. Deadline ikikaribia, sisi wengine tulipandisha sauti. Yeye alishusha yake.

Aliishi mtaa wa Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za council. Sebuleni kulikuwa na injini kuukuu ya boti aliyojifunzia ufundi, imefungwa kwenye stendi ya mbao. Mkewe, Nekesa, alichoka kuilalamikia, akaifunika kitambaa cha kufuma kama alivyofunika makochi.

Kwao Busia, ziwani, alikuwa na boti ndogo ya mbao yenye injini ya horsepower kumi na tano. Mvuvi alikuwa mdogo wake, Ouma.

Shida yao ilikuwa moja. Gari la barafu la mnunuzi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, liliondoka ufuoni saa mbili asubuhi. Boti ilikuwa nzito, na siku nyingi Ouma alifika akakuta vumbi tu. Akaanza kusema atauza kila kitu aje Nairobi kutafuta kazi ya mjengo.

Wandera hakutaka kusikia hilo. Alisema mdogo wake analijua lile ziwa kama jikoni kwa mama yake, lakini hapa mjini hata kuvuka Ngong Road ni mtihani.

Kwa hiyo saa ya lunch aliiendesha boti kwa simu. Toa wavu wa akiba uliolowa, unabeba maji bure. Sugua ukoko chini ya boti. Pima mwendo kwa simu ukienda na ukirudi, maana upepo utakudanganya upande mmoja. Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Niliyasikia haya mpaka nikayajua kama sala.

Kisha akakosea. Aliamini boti inahitaji propela yenye mapanga ya mwinuko mkali, ya kusukuma maji mengi kila mzunguko. Kuna fundi mmoja mtaa wa Karen anayetengeneza boti za watu wa kwenda Naivasha wikendi. Alimwonya kwamba injini ile, ikiwa na nyavu na wanaume watatu, haitaiweza. Wandera alimshukuru, akainunua, akaituma kwa basi.

Baada ya siku mbili Ouma akaleta majibu. Kutoka kilomita ishirini na mbili kwa saa, sasa ishirini na sita. Wandera alituagizia chai newsroom nzima, akatembea kati ya meza kama mtu aliyepata mtoto.

Miezi miwili baadaye nilitumwa Busia kwa stori nyingine, nikapita kumsalimia Ouma. Akanipandisha botini. Nilipima mwendo kwa simu yangu mwenyewe. Kwenda, ishirini. Kurudi, kumi na tisa. Injini ilinguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia kubwa.

Nilimtazama. Akapunguza mwendo.

"Dada, tafadhali usimwambie. Alifurahi sana."

Nilimjibu kwamba hilo siwezi kumwahidi.

Nilimwambia Wandera kwenye ngazi za ofisi, namba kwa namba. Aliuliza mzigo ulikuwa kiasi gani na upepo ulitoka wapi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Akapiga simu palepale. Nilingoja amkaripie.

"Ouma, nisamehe. Nilikufanya uogope kunipa namba mbaya."

Wakaanza upya. Propela ya zamani ikarudi, kingo zilizopigwa na mawe zikanyooshwa. Injini ilikuwa imekaa chini mno, mguu wake ukiburuta majini, kwa hiyo wakaipandisha kwa unene wa ubao mmoja. Wakaongeza mwingine, propela ikaanza kuvuta hewa na kuzunguka bure. Wakautoa. Tangi la mafuta likasogezwa nyuma kidogo, kwa sababu pua ya boti ilikuwa inalima maji.

Ilichukua wiki tano. Mwishowe Ouma alituma video, kwenda na kurudi, simu ya kupimia ikionekana. Wastani ulikuwa ishirini na saba. Safari hii Wandera hakununua chai. Alikaa tu mezani, akaitazama tena na tena, na ukurasa wa michezo ukachelewa kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka.

Tangu hapo gari la barafu halijamwacha Ouma. Wandera alikuwa apande boti hiyo mwenyewe Desemba.

Juzi Ouma alinipigia. Wajomba wanataka boti ilale ufuoni mpaka mazishi. Yeye anaona waombolezaji wamejaa nyumbani na hawana kitoweo. Aliniuliza Wandera angesema nini.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Siwezi kumnukuu mtu asiyeweza kunisahihisha.

"Basi nitaamua mwenyewe," akasema. "Nitaenda."

Leo asubuhi amefika dakika kumi kabla ya gari kuondoka. Nusu ya samaki ameuza, nusu imeingia jikoni kwa mama. Mjomba mmoja, kati ya wale waliokataza, ameomba kichwa cha samaki.

Nikamuuliza kama baada ya mazishi atauza boti. Akasema hapana. Nikauliza tena, akaudhika kidogo. Nikamuuliza mke wa Ouma pia, akasema hivyo hivyo.

Wandera, ndugu yangu, mdogo wako anabaki ziwani. Hiyo nimeithibitisha, unaweza kuiweka ukurasani. Sasa pumzika. Lala salama.