Sakafu ya Baba Iliyokaribia Kuninyima Mume

Baba yangu alikuwa fundi mwashi wa misheni upande wa Kaengesa. Mapadre walipomaliza kutandaza vigae vyekundu vya udongo kwenye nyumba yao, walimwachia vile vilivyopinda tanurini. Mtu mwingine angejengea banda la kuku. Baba akavitandaza sebuleni kwetu, enzi hizo za Mwingereza ambapo hata karani wa Boma pale Sumbawanga alilala juu ya sakafu ya udongo kama sisi.

Tangu siku hiyo hatukuwa na sebule, tulikuwa na mtoto mchanga. Baba aliviosha vigae, akaviacha vikauke huku sisi tukila uani kwenye upepo. Kisha akayeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya kitani, akavipaka kwa kitambaa mchanganyiko ukiwa bado wa moto. Vigae vikanywa kama ng'ombe waliotoka malishoni. Akapaka tena, vikanywa tena. Vilipokinai akavisugua kwa kipande cha blanketi mpaka vikang'aa, halafu akapiga marufuku viatu, kuku, na hasa ndoo ya samadi. Bibi, mama yake mzazi, aliyeisiriba sakafu ile kwa samadi tangu nyumba isimame, alichungulia mlangoni akasema nyumba imevuliwa nguo.

Mimi sikujali mpaka posa ilipokuja. Kijana wa kijiji cha Mollo alinipenda, nami nilimpenda sana. Nifiche nini leo, na meno yenyewe yamebaki ya kuhesabika? Lakini kwetu shangazi wa mchumba ndiye aliyekuja kumkagua binti, na hakukagua uso. Alikagua sakafu. Binti hodari alipaka samadi kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, na shangazi akizitazama tu alijua kama nyumba ya mwanawe itakaa safi au itaota viroboto.

Shangazi akafika na mshenga. Akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu, goti likateleza kidogo. Akapitisha kiganja juu ya kigae, akatafuta nusu duara, asizione.

"Nani kapaka hii?"

Baba akatoa kifua mbele. "Mimi mwenyewe! Kwa mikono hii."

"Kumbe," shangazi akamgeukia mshenga taratibu. "Basi tumekosea. Wa kuolewa hapa ni baba."

Walicheka mpaka mshenga akapaliwa. Mimi nilikuwa jikoni nikichungulia, machozi yananilengalenga, maana shangazi alikwisha kuanza kukusanya vitu vyake. Nilimchukia baba kwa roho yangu yote, yeye na vigae vyake.

Hapo ndipo kata ya pombe ya ulezi ilipomponyoka bibi. Watu husema ni uzee. Mimi nilimwona akichagua mahali, karibu na mlango, pale nta ya baba ilipopungua. Kwingineko pombe ilisimama matone matone kama umande kwenye jani la boga. Pale ikazama. Baba alipiga ukelele ambao hakuupiga hata siku ng'ombe wetu alipofia mtoni.

"We mjukuu wangu, unangoja nini?" bibi akaita. "Njoo ufute!"

Nikatoka mbio na maji ya moto. Nikafuta, nikakausha, nikapasha donge la nta lililosalia, nikaanza kupaka. Sikufikiri kitu. Kiganja kilikwenda kilivyozoea zamani kwenye samadi, nusu duara, na nyingine ikashika mkia wa mwenzake. Nilipoinua uso, shangazi alikuwa ameniinamia, ananuka ugoro.

"Hee! Mkono upo," akasema. "Mlikuwa mmeuficha tu." Akaketi upya, akaomba pombe. "Ila bibi asimimine yeye."

Nikaolewa Mollo, nikasiriba sakafu ya udongo kwa raha zangu. Baba aliendelea kusugua yake kila Jumamosi, akiwafukuza kuku na wajukuu kwa sauti moja. Asubuhi moja nilikwenda kumsalimia. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, vigae vyote viking'aa, isipokuwa pale kwangu. Nusu duara zangu zilikuwa zimefifia, lakini zilikuwepo zote.

"Baba," nikamwambia, "hapa umesahau kusugua."

"Sikusahau," akasema. Kisha akanifokea nivue viatu.