Kiatu Kimoja Miguuni pa Guanyin

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Nilikuwa kijana, nimetoka Bukavu, namtunza bibi mmoja wa Kichina, Maman Lin, huko Ulaya, mtaa wa Woluwe. Ndoa yangu ilikuwa na miaka mingi bila mtoto, na mama mkwe alishaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine.

Sebuleni Maman Lin aliweka sanamu ya Guanyin, mama wa huruma katika dini yao ya Kibuda. Miguuni pake palikuwa na kiatu kimoja chekundu cha mtoto mchanga. Nikimwogesha alinisimulia hadithi zao za kale: mtawa akitekwa na zimwi njiani, Guanyin hushuka, na zimwi hupiga magoti. Mimi mlokole, donc, nilisikiliza kwa sikio moja.

Basi siku ile niko kwenye tramu narudi nyumbani, nafungua mkoba. Yesu wangu! Kile kiatu! Nani kanitegea? Nitaitwa mwizi, nitafukuzwa kazi, na mkwe atapata la kusema. Nikarudi mbio kwa Maman Lin, nikakitupa mezani.

"Maman, unataka nifungwe? Tena kwa vitu vyako vya sanamu!"

Hasira hasara, lakini nani angenishika?

Hakupaza sauti. "Keti, binti yangu. Kwetu mwanamke anayetaka mtoto huiba kiatu kwa Guanyin. Akijifungua, hurudisha jozi. Wewe huwezi kuiba, kwa hiyo nimekuibia mimi, nikakitia mkobani mwako."

"Na mbona kipo kimoja tu?"

"Hicho nilikiiba mimi, nilipokuwa bibi harusi kule kwetu. Sikujaliwa mtoto wa kunifanya nirudishe jozi."

Eh! Mtu ananipa tumaini lake la maisha, nami namtupia mezani! Nilipiga magoti mbele yake, si mbele ya sanamu, nikaomba radhi. Kiatu nilikichukua.

Ulipozaliwa, mchungaji alisema ni Mungu, nami nasema ni Mungu. Lakini nilinunua jozi nyekundu ya viatu, nikakubeba mgongoni hadi kwa Maman Lin. Alikuvalisha kwanza, akalia sana, ndipo akaviweka miguuni pa Guanyin.

Bon, mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukikuta mkononi mwako kitu usichokielewa, uliza kabla ya kupiga kelele. Wala usimwite mtu adui kwa kuwa anaomba kwenye mlango mwingine.

Mungu akujalie watu wa kukuibia heri hata usipowaomba, na akupe mkono wa kurudisha jozi.