Bwana Zamu Alipompisha Mwenzake

Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa mlinzi wa lango la zahanati, na jina lililomganda hakupewa na wazazi wake bali na wagonjwa. Walimwita Bwana Zamu. Zahanati ilikuwa na daktari mmoja, muuguzi mmoja, na watu wengi kuliko mabenchi. Waliowahi asubuhi walikuwa na desturi ya kuacha kitu kwenye mstari kisha wakajisitiri ukutani na baridi: kopo, jiwe, kandambili moja, au kitambaa kilichofungwa fundo. Bwana Zamu alivihesabu vitu hivyo kuwa ni watu. Kopo la bibi kizee lilikuwa bibi kizee mwenyewe, na ole wake aliyelisogeza.

Siku moja alikuja shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, shavu limevimba. Akaliendea lango moja kwa moja kama mtu anayeingia kwake.

"Shemeji, nifungulie. Jino linaniua."

"Pole sana, shemeji. Jino lako liko nyuma ya kandambili ile ya bluu."

"Mimi nikae nyuma ya kandambili?"

"Kandambili imefika kabla yako, shemeji. Zamu ni zamu."

Watu walicheka hata wenye homa wakasahau homa. Dada yake alimnunia kwa muda mrefu, salamu zikawa za kupitia kwa watoto, lakini maneno yale yalizunguka mtaa mzima. Uchaguzi ulipokaribia, na watu wamechoka na mbunge waliyemwona zaidi kwenye mabango kuliko kwa macho, ni muuguzi wa zahanati aliyelitaja jina lake kwanza. Muuguzi huyo, mama mnene mwenye sauti ya kukatiza, wote walimwita Sista.

"Mtu asiyeuza nafasi ya kopo," alisema Sista, "hawezi kuuza yetu."

Bwana Zamu alidhani ni mzaha. Alipogundua si mzaha, tayari alikuwa amepandishwa juu ya meza uwanjani, na watu wanapiga kelele, "Zamu ni zamu!" Alipotakiwa kuahidi, hakuahidi mengi. Pembeni mwa zahanati zilisimama kuta za wodi ya wazazi. Watu walikuwa wamezijenga kwa mikono yao, wakaishia kwenye renta, zege la juu ya madirisha, nguvu zikaisha. Haikuwa na paa. Ndani yake majani yalikuwa yameota hadi madirishani, na mbuzi waliingia na kutoka walivyotaka. Kina mama walijifungulia kwenye chumba cha sindano, nyuma ya pazia, na waliokaa benchini walisikia kila kitu.

"Swali langu la kwanza bungeni litakuwa paa," alisema. "Sitauliza jingine kabla ya hilo."

Akashinda.

Bungeni alijitahidi. Alijifunza kuinamisha kichwa mbele ya kiti cha Spika, alijifunza kitufe cha kipaza sauti, alijifunza kugonga meza badala ya kupiga makofi. Tai yake mkewe alimfungia nyumbani, naye hakuthubutu kuifungua tena. Aliilegeza akaipitisha kichwani jioni, asubuhi akaivaa vilevile. Lakini mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza, aliposikia nyayo nyuma yake mlangoni, mkono wake ulikwenda wenyewe. Akaushika mlango, akasimama pembeni, akawapitisha wabunge mmoja mmoja, huku akimwambia kila mmoja "karibu, karibu". Mhudumu wa mlango, aliyevaa glavu nyeupe, alimsogelea akamnong'oneza:

"Mheshimiwa, hiyo ni kazi yangu."

Mbunge mmoja alisikia. Mchana, mkahawani, meza ya nyuma yake ilikuwa inachekelea: "Sasa mlango nao umepata mwakilishi." Bwana Zamu alitabasamu kama aliyesikia mzaha wa mtu mwingine. Kuanzia siku hiyo kila alipoufikiria wakati wa kusimama na kusema mbele ya watu wale, jasho jembamba lilimtoka mgongoni. Swali lake alilisoma mbele ya kioo hadi likawa halina maana tena masikioni mwake.

Likapangwa. Siku ya maswali, la kwake lilikuwa la nne, na kwa mgeni hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu saa ya maswali ni moja tu na haiongezwi. Wa mbele husimama, huuliza, na waziri humjibu kwa mdomo mbele ya Bunge zima. Ahadi ya namna hiyo huandikwa, na ipo kamati inayoifuatilia mpaka itekelezwe au waziri aaibike. Wa mwisho mara nyingi hawafikiwi. Hao hujibiwa kwa maandishi, na jibu la maandishi halimfungi mtu. Karani wa Bunge alimweleza hayo yote, naye aliyaelewa. Hakuwa na haki ya kusema baadaye kwamba hakuelewa.

Nyumbani alikwishapiga simu. Watu wangekusanyika barazani pa zahanati, kwenye redio.

Asubuhi ile alikuwa mkahawani, chai imempoa, alipojiwa na mbunge mkongwe ambaye wenzake walimwita Kanuni, kwa kuwa kanuni za Bunge alizijua kichwani. Alikuwa na mvi za kupendeza na sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

"Mdogo wangu, umependeza leo. Hiyo tai nani kakufunga?"

"Mke wangu, mzee. Tangu nyumbani."

"Mshukuru. Humu ndani tuna wanasheria wasioweza fundo kama hilo." Akavuta kiti. "Nimesikia habari zako, bwana. Mtu wa utaratibu. Bunge hili lilikuwa na njaa ya mtu kama wewe."

Kilemba cha ukoka kilikuwa kimeshamkaa kichwani kabla hajakiona.

"Nina jambo dogo," Kanuni aliendelea. "Wageni wangu wamekuja kutoka jimboni, wako kule juu kwenye roshani. Wanaondoka mapema, gari lao halisubiri. Na swali langu wameliweka la kumi na moja. Wewe watu wako hawapo leo, au wapo?"

"Wapo kwenye redio."

"Redio haioni, mdogo wangu. Tubadilishane. Mimi la nne, wewe la kumi na moja. Ni kawaida humu, tunapishana kila wiki. Leo wewe, kesho mimi."

"Na nisipofikiwa?"

"Utafikiwa. Na usipofikiwa, utaletewa jibu safi kwenye karatasi, huna haja hata ya kusimama."

Huna haja hata ya kusimama. Miaka yote ile langoni alikuwa amesikia kila aina ya maombi: ya wenye magari, ya wenye vyeo, ya jamaa zake wa damu, na hakuna siku jibu lilimchelewa. Sasa alitazama chai yake. Aliiona ile meza iliyomcheka. Akaona kwamba anaweza kukaa kimya leo, na kimya hicho kiitwe ukarimu.

"Hakuna neno, mzee," alisema.

Walikwenda pamoja kwenye meza ya karani. Karani aliandika, akainua macho. "Mheshimiwa, una hakika?" Kanuni akacheka, akambana bega. "Ana hakika. Huyu ni muungwana."

Ukumbini Spika alianza kwa kutangaza kwamba, kwa makubaliano ya waheshimiwa wawili, swali la nne na la kumi na moja yamebadilishana nafasi, akawataja kwa majimbo yao. Bwana Zamu alishtuka kidogo. Hakujua kwamba jambo hilo husomwa. Kisha Kanuni akasimama. Aliuliza kuhusu taa za barabarani za mji wake, akauliza vizuri, mkono mmoja mfukoni. Waziri akajibu kwamba anamhakikishia Mheshimiwa, kazi hiyo itaanza mwaka huu wa fedha. Wageni kule juu hawaruhusiwi kupiga makofi. Walipiga, wakakatazwa, wakaangaliana kwa furaha.

Maswali ya nyongeza yakafuata juu ya taa zile. Kila mbunge alikuwa na barabara yake yenye giza. La tisa lilipojibiwa Spika alitazama saa.

"Waheshimiwa, muda wa maswali umekwisha. Yaliyobaki yatajibiwa kwa maandishi."

Bwana Zamu alishusha pumzi. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akasikia njaa. Ndicho kilichokuja kumtafuna baadaye kuliko kingine chochote: kwamba wakati ule, akiwa amekaa kwenye kiti laini, alifurahi.

Mkutano wa Bunge ulipoahirishwa alirudi nyumbani. Mkewe alimpokea begi, akampa maji ya kuoga, akakaa kukunja nguo zilizoanuliwa.

"Vipi huko, baba?"

"Salama. Mlisikiliza redio?"

Mkewe alinyoosha shati, akalikunja mikono. "Umeme ulikatika. Hebu niambie wewe."

Moyo wake ukatua. "Muda uliisha," alisema. "Walifika la tisa, wakafunga. Basi tu, bahati mbaya."

"Ehee," alisema mkewe. Akachukua shati lingine.

Mkutano wa hadhara uliitishwa uwanjani pa zahanati. Walimwekea kiti chenye mito, meza na kitambaa cha meza. Mbele yake watu, nyuma ya watu kuta za wodi, na madirishani mwake mbingu. Alisimama. Ajabu ni kwamba hapa hakuogopa. Maneno yalimjia kama maji. Alieleza jinsi Bunge lilivyo kubwa, jinsi saa ya maswali ilivyo fupi, jinsi alivyokaa na karatasi mkononi akingoja kuitwa. Alisema wabunge wakubwa wanaongea sana, wanamaliza muda. Alisema aliumia. Alisema usingizi haukumjia.

Hakuna aliyemkatiza. Alidhani wanamsikiliza kwa makini. Kisha akaona kwamba hawamtazami. Mmoja alichora ardhini kwa kijiti. Mwingine alimfunga mtoto wake kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa. Dada yake alikuwa amejitanda uso mzima, na shemeji yake, ambaye siku nyingine asingeacha kutia neno, alikuwa anayasoma mawingu.

"Kuna swali?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia nyembamba.

Sista aliinuka kwenye benchi. Hakupaza sauti, naye si mtu wa kutopaza sauti.

"Mheshimiwa, redio ya zahanati inatumia betri."

Akanyoosha kidole barazani.

"Tulikuwa pale barazani wote. Mkeo alikaa pembeni yangu. Tulimsikia Spika akisema mmebadilishana, kwa makubaliano. Tukasema labda hatukusikia vizuri. Tukasema tumngoje mwenyewe aje atueleze."

Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameipita yote kwa miguu yake, mbele ya watu, hatua kwa hatua, nao wakimwacha apite. Alimtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake juu ya mapaja ilikuwa inakunja kitu kisichokuwepo. Ndipo akaelewa lile shati, na lile "hebu niambie wewe". Alikuwa ameachiwa mlango wazi ndani ya nyumba yake, aseme kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja. Akaufunga mwenyewe.

"Alikulipa?" sauti ya kijana ilitoka nyuma.

"Hapana."

"Alikutisha?"

"Hapana."

"Sasa?"

Angeweza kusema ni kawaida ya Bunge. Ilikuwa kweli, na hakuna ambaye angemkatalia. Aliufungua mdomo aseme hivyo, ulimi ukamkataa.

"Niliogopa," alisema. "Sikutaka kusimama. Yule mzee aliponiomba nimpishe, mimi nilikuwa nimeshamshukuru moyoni. Na muda ulipoisha, nilifurahi."

Mzee mmoja aliyekaa mbele aliguna. Mama mmoja mwenye mimba kubwa, mkono kiunoni, alimtazama bila hasira, kama mtu anayetazama njia kuona kama mvua imeiharibu. Bwana Zamu alingoja matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, aliyahitaji kabisa, lakini hayakuja.

"Wamekujibu kwa maandishi?" Sista aliuliza.

"Wamejibu. Wamesema ombi limepokelewa na litaangaliwa kadiri hali itakavyoruhusu."

"Kwa hiyo mwaka huu hakuna."

"Mwaka huu hakuna."

"Utauliza tena?"

"Nimeshaliwasilisha upya. Litapangwa likipangwa."

Sista alitikisa kichwa polepole, jinsi anavyofanya akisoma kipimajoto. Alikuwa karibu kukaa, kisha akasimama tena.

"Na yule uliyempisha? Aliuliza nini? Pale redio ilikoroma, hatukushika vizuri."

"Taa," alisema. "Taa za barabarani. Za mjini kwake."

"Waziri akasemaje?"

Aliangalia kile kiti chenye mito. Hakuweza kukikalia, wala hakujua asimame wapi.

"Amekubali," alisema. "Wanaanza mwaka huu."

Uwanja ulinong'ona. Yule mama mwenye mimba alimgeukia jirani yake akauliza, naye jirani akamjibu kitu sikioni. Kisha mama akainua uso, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaka tu kujua:

"Taa hizo na huku zitafika, Mheshimiwa?"

"Hapana, mama," alisema Bwana Zamu. "Huku hazifiki."