Kadi ya Tundu la Kushoto

Mtaani walimwita Subiri, na jina likamkaa kama kofia. Ukimpelekea redio, subiri. Chakula kinapoa mezani, subiri. Nyumba ikishika moto, mkewe alizoea kusema, huyu bwana atatuambia tusubiri kwanza aone ni waya gani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walifanya kazi chumba kimoja, yeye na vitambaa vyake huku, mume na waya zake kule, na katikati laptopu kuukuu aliyoiacha binti yao alipoolewa mbali.

Laptopu ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Ya ndani ilikufa zamani, lakini kila ikiwashwa mashine iling'ang'ania kuiamsha, ikakwama hapo hapo. Ya pili, ndogo kama ukucha, ilichomekwa ubavuni. Subiri alihangaika nayo mpaka akaiandikia mashine maagizo ya kufuata inapowaka: ya ndani iache ilale, amsha iliyo tundu la kushoto. Tangu hapo ikawa inanasa yenyewe mtandao wa duka la jirani. Kila asubuhi aliisalimia, "Umeamkaje, bibie?" Mkewe akanung'unika kwamba yeye hajawahi kuamkiwa kwa upole ule.

Basi binti akajifungua. Akatuma neno: leo saa kumi atawaonyesha mtoto, kwani jioni anatoka hospitali, na huko aendako mtandao ni wa kubahatisha. Simu za wazee wake zilikuwa za vitufe, za kusikia sauti tu. Tegemeo likawa laptopu.

Mkewe, sasa bibi, akajifunga kanga. Akafagia, akapanga viti, akaifuta laptopu mpaka ikang'aa, utadhani mtoto angekuja kuikagua nyumba.

Saa kumi Subiri akawasha. Mtandao hakuna. Akazima, akawasha tena. Hakuna. Akafungua maagizo yake, akayasoma herufi kwa herufi huku akijilaumu kwamba uzee umemwingia kichwani. Jasho likamtoka. Kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu asubiri.

Mkewe aliyekuwa amesimama nyuma yake akakohoa.

"Baba watoto, hicho kidude kilikuwa upande gani?"

"Kushoto. Kwa nini?"

"Kilikuwa kinanikwarulia vitambaa. Nilipofuta nikakihamishia kulia."

Subiri akamtazama. Akakichomoa, akakirudisha kushoto, akawasha upya. Wakakaa bega kwa bega wakiitazama mashine ikijivuta. Ikalia: binti alikuwa anapiga.

Walichoona ni paji la uso, kofia ya sufu, na ngumi moja iliyokunjwa. Bibi akacheka huku machozi yanamdondoka kwenye kanga. Babu akasema ana masikio ya mama yake, ingawa masikio yalikuwa ndani ya kofia. Picha ikaganda, kisha ikapotea. Ilitosha.

Kesho yake mkewe alimkuta ameinama tena juu ya maagizo yale. Akamuuliza anaharibu nini.

"Nimeiambia mashine iijue kadi kwa namba yake yenyewe, si kwa tundu ilimokaa," akasema. "Sasa futa, hamisha, fanya utakavyo."

Mkewe akavuta kiti akaketi kwenye cherehani. Akamimina chai ya moto, akamwekea kando ya laptopu.

"Subiri ipoe," akamwambia.