Kilio cha Mfalme Kisichopokewa

Ruthu alitolewa nje ya ukumbi kule Makole, mwanawe mgongoni, watu wanamcheka, na mchezo haujaisha. Kicheko chao kilimuuma, lakini hilo la pili lilimuuma zaidi. Haujaisha.

Jua ndilo lililomwingiza mle. Alikuwa akitoka kliniki na mwanawe Anitha, akakuta mlango wazi na kiingilio hakuna. Michezo ya jukwaani aliyowahi kuiona ni ile ya Krismasi kanisani kwao Hombolo. Huu, walitangaza, uliandikwa na Mwingereza mmoja wa kale, sasa umewekwa kwa Kiswahili. Ruthu akajisemea amnyonyeshe mtoto, akilala waondoke zao nyumbani Nkuhungu.

Ndipo akatokea mwigizaji mmoja, mzee Lameck, kavaa shuka la kifalme na taji la bati. Alipofungua kinywa, lile bati halikuonekana tena. Alikuwa mfalme kweli, na mfalme mbishi. Alipelekewa umbeya juu ya mdogo wake, akaamini. Alionywa, hakusikia. Akaamuru mdogo mtu auawe. Ruthu alikuwa akimsonya kimoyomoyo: mwanaume gani huyu, masikio yake ya kupambia kichwa tu! Kisha ukweli ukajulikana, na mfalme akapiga magoti penye maiti, akalia. Alianzia chini kabisa, kama mtu anayelitafuta jina la marehemu na halipati, halafu sauti ikapanda, ikakatika. Ukumbi mzima kimya.

Kwao Hombolo mfiwa haachwi alie peke yake. Hata kama mnagombania mpaka wa shamba, akianza kilio unampokea kwa kulia naye, ugomvi utaendelea baada ya matanga. Ruthu aliwatazama wale watu walivyokaa na simu zao mikononi, hasira ikampanda. Akasimama, akakipokea kile kilio kwa sauti ya kwao. Hapo ndipo Shaaban, mlinzi wa mlango, alipomshika mkono na kumtoa.

Usiku ule hakupata raha. Mfalme alijutia vipi? Alilipa? Kesho yake, siku ya mwisho ya mchezo, akarudi.

"Mama wa kilio," Shaaban akamwambia, "leo msiba umeuhamishia wapi?"

Ruthu akamjibu kwamba msiba uko kwa mama aliyemzaa mlinzi asiye na adabu. Shaaban akaziba mlango kwa mwili wake. Walikuwa katika kurushiana maneno hayo mzee Lameck alipopita na karanga zake mkononi, akauliza kama huyu ndiye yule wa jana.

"Uliniharibia," akamwambia. "Ule ukimya ninautafuta miaka."

"Shikamoo, mzee," Ruthu alisema, maana hasira haifuti heshima.

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyeniharibia mimi. Umelia kama uliyefiwa, nami nikakupokea kama mfiwa. Kama ni mchezo, ungelia kimchezo."

Mzee alitafuna karanga moja, akainama. Alimwambia Shaaban amkalishe huyu mama mbele.

"Ila leo niache nilie peke yangu," akamwambia Ruthu. "Mtu niliyemuua ndiye angenipokea."

Ilipofika pale pa kilio, Ruthu aliuma upande wa kanga. Mfalme akalia, na mara hii ukimya ule ulimwingia Ruthu mwilini kama baridi ya Juni. Kumbe hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Alimhurumia, na kwa kuwa alimhurumia akazidi kumkasirikia. Mfalme akafa vilevile, hakuna wa kumfumba macho. Watu walipiga makofi. Ruthu hakupiga. Alimfunga Anitha mgongoni kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

Njia nzima alimgombeza yule mfalme. Alimwambia Anitha kwamba mtu akionywa husikia, na kwamba yeye akija kuolewa na mwanaume wa namna ile, mama yake atakuja kumchukua kwa miguu.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya muuza vitabu vya mtumba. Akauliza kama kuna kingine cha yule Mwingereza, cha Kiswahili. Muuzaji akapekua, akatoa kimoja kilichochanika jalada.

"Kipo, mama. Ila humu namo ni vifo tu, na wenyewe wamejitakia."

"Nipe," Ruthu akasema, huku anamshusha mtoto. "Nikawagombeze na hao."