Boriti ya Mama na Injini ya Pikapu

Kutoa injini moja kwenye pikapu moja kulinigharimu mbuzi mmoja, kuku wawili, siku nne za kazi, na boriti moja ya nyumba ya mama yangu. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na mara zote mbili mbuzi ametoka mkubwa kuliko nilivyopenda.

Nakuandikia, nikikuita mwanangu kwa umri tu, kwa sababu nimesikia umenunua gari la zamani, umeliweka kwenye banda hapo kwako Unyambwa, na sasa unatafuta pa kuning'iniza winchi ya mnyororo utoe injini. Aliyeniletea habari anasema umeshaanza kuzitazama kenchi za banda, mbao zile zinazobeba paa. Jicho hilo nalijua, niliwahi kuwa nalo. Kaa kwanza usome mpaka mwisho. Winchi haitaoza.

Siku yenyewe naikumbuka kama ya juzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyozoea rafu tupu yalipoanza kujaa, mitumba ikafika mpaka gulioni Issuna, na kila mwenye tenga la kuku akajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na matenga manne. Nilinunua kuku vijijini nikawauza Mkiwa, dirisha kwa dirisha, kwa abiria wa mabasi. Sifa yangu ilikuwa moja: sikuwahi kulipa bei ya kwanza. Watu walisema hata shikamoo ningeweza kuiombea punguzo.

Katika kuzunguka huko nikamkuta mwalimu mstaafu mwenye pikapu ya Kifaransa, rangi ya kijivu, iliyosimama nyuma ya nyumba yake miaka mingi mpaka kuku wakawa wanatagia chini ya usukani. Nikamwambia, "Mwalimu, hili si gari tena, ni banda la kuku." Akanijibu, "Basi lipia na banda." Tulivutana siku mbili. Mwisho nilitoa nilichotoa, na mayai saba niliyoyakuta ndani nikayahesabu kama punguzo.

Bodi ilikuwa nzima, lakini injini ilikuwa imekamata, haizunguki hata mkisukuma watu sita. Ntandu, fundi niliyekua naye, akasema itolewe iwekwe nyingine ya mtumba. Ya mtumba tukaipata. Kilichobaki ni kutoa ya zamani. Gereji moja ya mjini walikuwa na stendi ya chuma ya kunyanyulia, wakanitajia bei. Nikawaambia sitaki kuinunua stendi, nataka kuitumia tu. Wakasema hiyo ndiyo bei ya kuitumia. Nikaondoka pale kifua mbele, nimeokoa pesa, na hasara ikaanza hapo hapo.

Mama alikuwa akikaa kwenye tembe aliyoijenga marehemu baba. Wewe umezaliwa chini ya bati, kwa hiyo nikueleze. Tembe ni nyumba ya paa bapa. Juu ya kuta na nguzo hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo, na udongo wenyewe huongezwa kila mwaka panapovuja. Upande wa mwisho baba aliuinua kuliko kawaida kwa ajili ya vihenge vya mtama, akaacha na mlango mpana. Vihenge nikavihamisha, tukaingiza pikapu kwa mbele mpaka boneti ikakaa chini ya boriti kubwa. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani: GEREJI.

"Hilo neno ndiyo nini?" mama akauliza.

"Mahali pa kutengenezea, mama."

"Haya. Mradi msiharibu."

Sasa sikiliza hesabu yangu, maana usidhani sikuhesabu. Ntandu alikadiria injini ile haizidi kilo mia moja na hamsini. Tulikuwa tumepima miili yetu kwenye mizani ya gulioni: mimi sitini, yeye sabini. Tukafunga kamba kwenye boriti tukaning'inia wote wawili, na nusu gunia la mahindi nimelifunga kiunoni mwa Ntandu ili tuvuke ile mia na hamsini. Boriti ikanyamaza. Tukashuka, tukapumua, tukarudia. Ikanyamaza tena.

"Unaona?" nikamwambia. "Hii imebeba udongo tangu hatujajua kuvaa suruali. Injini itaifanya nini?"

Ntandu, akifungua gunia kiunoni, akasema, "Kwa maneno yako tungeleta na behewa kutoka Itigi."

Usiku ule ikanyesha mvua ya kwanza ya maana. Asubuhi nilifurahi, nikasema hata mbingu zimetubariki. Tulitoa betri, tukamwaga maji na oili, tukashusha rejeta, tukafungua kila bomba na kila waya. Winchi ikapanda kwenye boriti, mnyororo ukashuka ukashika injini. Nikavuta mpaka ukakaza. Ikabaki bolti moja tu, ile ya chini kabisa inayoshikanisha injini na giaboksi, na bolti yenyewe ilikuwa imeamua kubaki hapo maisha. Ntandu akainama kwenye ubavu wa gari, akapitisha mkono chini ya injini mpaka begani, spana mkononi. Mimi nikawa naongeza mnyororo kidogo kidogo ili kumpunguzia uzito.

Udongo ukaanza kumdondokea kisogoni.

"Hango," akaniita, "nyumba ya mama yako inanitia chumvi."

Tukacheka. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Akasimamisha ungo.

"Huo udongo," akauliza kutoka huko huko, "ni mbichi au mkavu?"

Nilishangaa swali lenyewe. Ntandu akajipapasa shingo kwa mkono wa pili. "Mkavu, mama."

Sikumwona akitembea. Nilichoona ni kwamba alikuwa mlangoni, ungo hauko mkononi.

"Ntandu. Toa mkono."

"Mama, kidogo tu," nikasema, "imebaki bolti moja."

"Ntandu mwanangu, nimesema utoe mkono."

Ntandu alilelewa vizuri, na mama wa rafiki yake alikuwa ameshasema mara mbili. Alitoa mkono. Alikuwa bado hajanyooka mgongo boriti ilipolia, na haikulia kwa kishindo, ililia kama mtu anayevunja kuni kavu gotini. Injini ikashuka shubiri moja ikakalia chuma cha fremu, pale pale ulipokuwa mkono. Spana ilibaki chini yake. Tulipokuja kuitoa baadaye ilikuwa imepinda, mwanangu, na ile ilikuwa spana ya chuma cha kweli.

Kuku mmoja akapita kati yetu kana kwamba ana safari zake. Mama akamshika Ntandu kiganja, akamkalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, akaniita.

"Wewe si ndiye wa kuhesabu? Hesabu vidole vyake."

"Mama..."

"Hesabu, nasikiliza."

Nikahesabu. "Kumi."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, moja moja, nakigusa kila kimoja. Huwa nahesabu mara mbili ili nisiibiwe. Siku ile nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini kwamba sijaiba.

Ndipo akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Hakupaza sauti. "Mlijipima nyie, mkapima na gunia. Ule udongo uliolowa usiku aliupima nani? Boriti hii haikuwa imekaa bure inawasubiri. Ilikuwa kazini. Nikiona udongo mbichi unadondoka najua paa linavuja, nitapanda nizibe. Nikiona mkavu, najua mti unapinda, fito zinaachana." Akachukua kisu chake cha jikoni akakichoma kwenye boriti, upande wa ukutani ambao mimi sikuwahi kuutazama. Kikaingia mpaka mpini. Mchwa walikuwa wameshakula humo muda mrefu, wametubakizia ganda.

Bado hatari haikuwa imeisha. Wingu lilikuwa linajikusanya tena upande wa Manyoni, na boriti iliyopasuka ndiyo iliyoshika paa la mama. Mvua ikirudi kabla hatujaiegemeza, nyumba inalala chini. Tukalegeza mnyororo, tukang'oa nguzo yenye panda kwenye lango la zizi, tukaikata kwa kipimo, tukaisimamisha chini ya boriti juu ya jiwe pana na kuigonga mpaka ikakaza. Mvua ilikuja alasiri. Mama alikaa ndani kwa makusudi, karibu na ile nguzo, anakunywa uji. Sisi tulikaa naye. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Kesho yake akamwita kaka yake, Mjomba Gwau, mchimba visima. Alikuja na milingoti mitatu mirefu ya mkaratusi, ile anayosimamisha juu ya kisima kushushia watu na kupandishia mawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kazi yenu ni mbuzi mmoja."

"Mjomba, sisi ni damu moja. Kuku watatu."

Akanitazama. "Mkono uliokuwa chini ya injini ulikuwa wa nani?"

"Wa Ntandu."

"Basi bei apatane Ntandu."

Ntandu hakufikiri hata dakika. "Mbuzi," akasema. "Dume."

Hiyo ndiyo bei pekee ya kwanza niliyowahi kulipa. Kuku wawili wakaenda kwa Ntandu kufidia spana, na aliwachagua mwenyewe.

Tulisukuma pikapu nje, uwanjani, penye ardhi ngumu. Mjomba alifunga vichwa vya milingoti kwa mnyororo, akatanua miguu, akachimbia kila mguu shimo lake ili usiteleze, kisha akazungusha kamba chini mguu kwa mguu isitanuke zaidi. Akajaribu kwa jiwe la kisimani zito kuliko injini, akaliacha linaning'inia wakati tunakula, akarudi kulitazama. Bolti ile ya mwisho tuliilegeza injini ikiwa imekalia magogo, mnyororo unaisaidia tu. Halafu akanyanyua kipimo cha kidole, akasimama. Akatazama miguu mitatu, akatazama ndoano. Kidole kingine, akasimama tena. Nikamwambia tutamaliza kesho kwa mwendo huo. Akasema, "Kesho ipo."

Injini ilipovuka bodi, nilikimbilia kuiyumbisha pembeni. Akanipiga mkono. "Injini usiiguse, ondoa gari." Tukasukuma pikapu nyuma, injini ikabaki imetulia peke yake hewani, na papo hapo akaishusha kwenye matairi ya zamani. Hakuiacha juu hata kwa muda wa kusifiana. Ile ya mtumba ikaingia kwa njia hiyo hiyo. Pikapu iliwaka siku ya nne saa kumi jioni, ikatoa moshi uliofukuza mbuzi wa jirani, na mama akapanda mbele na kanga yake mpya akataka apelekwe mpaka barabarani na kurudi. Gari lile lilinibebea kuku, vitunguu na alizeti miaka mingi. Limenijengea nyumba, limesomesha watoto. Ntandu mpaka leo ananisalimia kwa kunipungia vidole vyote kumi.

Kwa hiyo, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Achana na kenchi. Zile ziko kazini tayari, zimebeba bati na upepo wa Singida, usizitafutie kazi ya pili. Kodi stendi, au simamisha miguu mitatu kwenye ardhi ngumu, na bei watakayokutajia ilipe; punguzo litafute kwingine, hapo usikate. Kabla hujanyanyua, jaribu kwa kitu kizito kuliko injini, halafu ujiulize ni kitu gani kimeongezeka tangu ulipojaribu. Mkono, mguu, kichwa, cha kwako au cha mwenzako, kisikae chini ya kinachoning'inia, hata kama imebaki bolti moja. Hasa ikibaki bolti moja, maana hapo ndipo akili inakuwa imeshafika nyumbani na mwili bado uko kazini. Na ukiwa na mtu mwenye hiyo nyumba, anayeifagia na kuikandika, muulize yeye kwanza. Anajua inavyolia.

Mungu akulinde wewe na wanaokushikia spana. Injini itoke salama, iingie salama, gari likuvushe milima yote ya kwetu, na jioni mkihesabiana vidole mkute hesabu imetimia.

Sasa na mimi nina jambo. Mama ametutoka. Ndugu zangu wanataka tuivunje ile tembe tujenge ya bati, na sipingi, kuta zimechoka. Lakini ile nguzo ya panda bado imesimama mle ndani. Nilitaka kubadilisha boriti mwaka ule ule, mama akakataa, akasema nguzo ibaki nikiingia niione. Akawa anatundika ungo wake pale. Nimeipima mara mbili, ni nzima, mchwa hawakuigusa, ingefaa kwa lango au kwa kuni. Kila nikishika shoka mkono unagoma. Wewe una macho mapya. Nipe ushauri: niifanyeje?